Njiwa Aliyeitwa Beryl

Albert Row 14, Skelbrough
9 Machi 2012

Bi. Thackray,

Hunijui vizuri, nami sina hamu ya kukujua, ila haja imenituma. Tulionana mara moja tu, Januari, kwenye karamu ya zawadi ya chama cha njiwa. Wewe ulivaa gauni la kijani na ulimshika Arnold Hinchliffe mkono kama mtu anayeogopa kuibiwa begi sokoni. Mimi ndiye niliyekaa karibu na mlango wa jikoni. Mjane wa Ronnie Oldroyd.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumbani niliikata tangu Novemba, na hata ningekuwa nayo nisingependa kuisikia sauti yako. Usinielewe vibaya. Au nielewe tu, basi.

Habari ni hii. Halmashauri imeniletea barua ya tarehe tano. Wanasema kwa miaka miwili wamenilipa ruzuku ya pango kupita kiasi, kwa kuwa humu ndani anaishi mwanamume mwenye pensheni yake ya mgodini, nami sikumtaja. Mwanamume mwenyewe ni Arnold. Wanataka niwarudishie pauni elfu mbili mia nane arobaini na sita, na ruzuku yenyewe wameisimamisha. Nina mwezi mmoja wa kupinga, hadi tarehe tano Aprili. Nikishindwa, kodi ya nyumba hii siiwezi, nami nimekaa humu miaka arobaini na moja.

Wamempata wapi Arnold? Kwa njiwa. Yeye na marehemu mume wangu walishindanisha njiwa pamoja miaka ishirini, wale wanaofunguliwa mbali ionekane nani atawahi kurudi bandani, na banda liko uani kwangu. Ronnie alipofariki, Arnold aliwaandikisha njiwa kwa jina lake, na chama kinataka anwani ya mwenye njiwa iwe pale njiwa wanapolala. Akaandika ya kwangu. Hakuniuliza, nami sikufikiri. Tangu hapo kadi yake ya chama inakuja kwangu, bili ya mahindi inakuja kwangu, na kila njiwa anayepotea akaokotwa na mtu huko aliko, barua inakuja kwangu. Gazeti nalo kila Jumatano ya msimu linaandika: A. Hinchliffe, Albert Row 14. Mwishowe Februari akaja afisa saa mbili asubuhi, akamkuta Arnold jikoni na kikombe mkononi na ndara miguuni.

Mimi na wewe tunajua analala wapi. Naomba uandike mistari miwili, kwamba Arnold Hinchliffe analala kwako, na tangu lini. Sikuombi kingine. Stempu ya kujibia nimeiweka humu.

Doreen Oldroyd (Bi.)


Priory Close 3, Marfield
13 Machi 2012

Bibie,

Stempu yako nakurudishia. Kwangu hatujafikia hali ya kusaidiwa stempu.

Gauni halikuwa la kijani, ni rangi ya bahari, na lilinigharimu. Ila nimefurahi kwamba ulilitazama vizuri.

Umeniomba mistari miwili, mimi nakupa karatasi nzima, imo humu, wapelekee wakubwa wako. Nimeandika hivi: "Mimi, Beryl Thackray, mwenye nyumba hii niliyokwisha kuilipia mwaka 1998 na sidaiwi na mtu, nathibitisha kwamba Bw. Arnold Hinchliffe ni mtu wangu, na tunaishi pamoja kama mke na mume tangu Mei 2009." Nimetia sahihi kwa wino mweusi. Ukitaka nitakuandikia nyingine uibandike ukutani kwako.

Sasa na mimi niseme langu. Kila siku ya Mungu mtu huyu anaamka saa kumi na moja, anapanda basi la kwanza, na simuoni tena hadi jioni. Jumapili ndiyo hiyo hiyo. Krismasi alikula kwangu saa sita, saa nane akaenda "kuwatazama njiwa". Anarudi akinuka mavi ya njiwa na bekoni. Njiwa nawajua. Bekoni je? Nani anamkaangia? Mimi napika, chakula kinapoa, ananiambia hana njaa. Mke mwenza anayejulikana ni afadhali, maana unajua zamu yako ni lini. Wewe umejificha nyuma ya banda.

Kwa hiyo usinishukuru. Nimeandika kwa raha zangu.

Beryl Thackray


Albert Row 14, Skelbrough
17 Machi 2012

Bi. Thackray,

Nakushukuru hivyo hivyo, maana mama yangu alinilea.

Karatasi yako niliipeleka halmashauri mwenyewe, nikasimama pale dirishani wakati kijana anaisoma kwa sauti, "mtu wangu", "kama mke na mume", watu sita wako nyuma yangu kwenye foleni. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akaniambia haitoshi. Rafiki yeyote anaweza kuandika chochote, anasema. Wanataka kitu chenye tarehe, cha miaka yote hiyo: daftari la kodi, bili yenye jina lake, risiti. Tafadhali tafuta. Analipia chochote hapo kwako? Makaa? Televisheni? Hata kipande kimoja cha karatasi.

Nikueleze ninavyoishi, usidhani nafanya mzaha. Nina mikebe minne ya biskuti juu ya kabati. Mmoja wa kodi, mmoja wa mita ya umeme, mmoja wa chakula, mmoja wa maziko yangu. Wiki iliyopita nimechukua kutoka kwa maziko nikatia kwenye kodi. Napasha moto chumba kimoja, na saa mbili kasoro robo usiku naenda dukani wanapobandika vile vibandiko vya njano kwenye vyakula vinavyokaribia kuharibika. Hiyo bekoni inayokuuma moyo ilikuwa ya kibandiko cha njano. Ndiyo, nilimkaangia. Vipande viwili, na yai akilileta mwenyewe.

Binti wa ushauri pale maktaba amesema Arnold asionekane hapa hadi kesi iishe. Nimemkataza tangu Alhamisi. Kwa hiyo unaye, mchana na usiku, mle mshibe. Njiwa nawalisha mimi.

Na kwa kuwa tunaambizana ukweli, nikuambie jambo. Njiwa wake bora, jike la kijivu lenye shingo inayong'aa, anamwita Beryl. Nilimlisha mwaka mzima nikidhani ni jina tu. Kisha Januari nikasikia unavyoitwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpunja mbaazi. Nilikuwa natoa punje moja moja mdomoni mwake na kuwapa wenzake. Mwanamke wa miaka sitini na tisa. Najionea haya, lakini nilifanya.

Doreen Oldroyd


Priory Close 3, Marfield
20 Machi 2012

Bi. Oldroyd,

Kumbe nina somo! Jike la kijivu, tena lenye shingo inayong'aa! Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa ajili ya mstari huo. Ulitaka kunichoma ukanipa zawadi. Mpe mbaazi zake, mwanamke we, usimwonee mtoto wa watu.

Sikumwambia Arnold kwamba najua. Nitaliweka moyoni.

Unasema ninaye mchana na usiku. Ninaye. Nilimpikia pai ya nyama na figo, nikamnunulia gazeti, nikawasha moto sebuleni. Akala nusu. Akaenda dirishani akasimama hapo tangu saa nne hadi saa kumi, anatazama juu ya paa la jirani. Nilipomuuliza anawaza nini, akasema, "Upepo umegeuka, unatoka mashariki." Siku sita hizi hajaniambia maneno ishirini, na kumi kati yake yalikuwa juu ya upepo. Anakuulizia hali. Si yako, ya njiwa. Angalau nadhani ni ya njiwa. Kwako huwa anasema nini? Hunitaja?

Kuhusu karatasi, nimetafuta, hakuna. Usiniulize tena mambo ya kodi. Kati ya mtu na mtu wake hakuna risiti. Labda nitapata bili ya miwani yake, nitaangalia kwenye droo.

Beryl Thackray


Priory Close 3, Marfield
21 Machi 2012

Doreen,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi si mtu wa barua.

Wale wanaotaga wape mahindi sehemu mbili, mbaazi sehemu moja, na maganda ya chaza usisahau. Maji badilisha asubuhi na jioni. Dume jekundu akikuparua usimpige, ana woga tu. Wafungulie saa moja, wazunguke nusu saa, kisha tikisa kopo, wanaijua sauti ya kopo. Wakitua juu ya paa wasiingie, usiwatazame. Ukiwatazama hawaingii. Geuka, jifanye una kazi nyingine. Ronnie ndiye alinifundisha hilo.

Mlango wa kushoto wa banda bawaba imelegea. Bisibisi iko ndani ya kile kiatu kikuukuu kilicho bandani.

Pole na mambo ya halmashauri. Sikujua anwani ni kitu kikubwa hivyo. Ningejua ningeandika nyingine, lakini wasingekubali, kanuni ni njiwa wanapolala.

Nimemuuza yule jike Beryl kwa mtu wa Hexley. Atakuja kumchukua keshokutwa, mpe kwenye kikapu kidogo. Pauni sitini zimo humu. Ni za mita yako. Nilikuona umevaa koti ndani ya nyumba.

A. Hinchliffe


Albert Row 14, Skelbrough
24 Machi 2012

Bi. Thackray,

Bili ya miwani haitoshi, nimemuuliza binti wa ushauri. Zimebaki siku kumi na mbili.

Umeniuliza Arnold huwa anasema nini akiwa kwangu, na kama anakutaja. Hakutaji. Nilikuwa nimeamua kutokujibu hilo, lakini jana imetokea jambo. Amemuuza Beryl. Njiwa wake bora, ambaye watu wa Doncaster walitaka kumnunua kwa pauni mia akakataa, amemuuza kwa sitini ili mimi niwashe umeme. Barua yake ninayo hapa. Ameandika kwa mkono wake kwamba aliniona nimevaa koti ndani ya nyumba. Miaka miwili nilidhani haoni kitu kisicho na mabawa.

Nilimtia somo yako kwenye kikapu mimi mwenyewe, nikamkabidhi kwa yule mtu wa Hexley. Wala hakugeuka nyuma.

Basi ulitaka kujua nani ana nini. Wewe una mgongo wake dirishani, mimi nina umeme.

Tafadhali endelea kutafuta karatasi.

Doreen Oldroyd


Marfield
26 Machi 2012

Bi. Oldroyd,

Droo nimeifunga. Karatasi hakuna, na hata ingekuwepo ningewashia moto.

Umeme si unao? Uwashe, uusome huu mstari vizuri.

B. Thackray


Albert Row 14, Skelbrough
29 Machi 2012

Bi. Thackray,

Usiichane kwanza. Soma, kisha uchane.

Beryl amerudi. Yule mtu wa Hexley alimfungulia siku ya nne, sijui ni ujinga gani, njiwa mtu mzima aliyenunuliwa hafunguliwi kamwe, maana atarudi kwao, huyo ni wa kuwekwa ndani atage tu. Leo saa nne nasikia kishindo juu ya paa, natoka, ni yeye. Bawa moja limepungua unyoya, macho makali. Nilimtazama. Hakuingia. Nikakumbuka maneno ya Arnold, nikageuka nikajifanya naanika shuka ambazo hazikuwepo, na nikamsikia anaingia. Nimempa mbaazi hadi akachoka. Mtu wa Hexley anataka pauni zake, nami nimeshazitia kwenye mita. Kwa hiyo majivuno yangu yote yameniacha na deni jingine, na shingo inayong'aa inanitazama kila nikifungua mlango.

Sasa nakuambia lile nililowaficha halmashauri, na binti wa ushauri, na Arnold, na hata nafsi yangu.

Afisa alipokuja Februari, hakuwa mtu mbaya. Alimngoja Arnold aende bandani, akafungua daftari, akaniuliza polepole, "Bi. Oldroyd, wewe na bwana huyu mnaishi kama mke na mume?" Ilikuwa nijibu hapana. Neno dogo tu, mtoto angelisema. Lakini ilikuwa wiki tatu baada ya ile karamu. Nilikuwa nikifumba macho nakuona umemshika mkono, nasikia unavyomwambia mke wa katibu, "Arnold wangu hapendi kabichi." Arnold wangu! Miaka miwili anakula kabichi kwangu bila neno. Nikamtazama yule afisa, nikasema, "Waweza kusema hivyo."

Akaandika. Na nilivyomwona anaandika, Bi. Thackray, nilifurahi. Kwa dakika nzima palikuwa na mtu mmoja duniani, tena wa serikali, aliyeamini kwamba Arnold ni wangu.

Ndiko deni langu lilikotoka. Anwani ya njiwa ilianza, mimi nikamalizia. Na zile ndara zilikuwa za Ronnie. Nilimpa avae kwa sababu sakafu ni baridi, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuziona hazina miguu.

Hajawahi kunishika hata kidole. Anakunywa chai, anazungumza na njiwa, anasema "ahsante, Doreen," anaenda kwenu. Nina wivu na wewe. Wewe unamsikia akikoroma.

Sina la kukudai. Tarehe tano ni Alhamisi.

Doreen


Priory Close 3, Marfield
2 Aprili 2012

Doreen,

Humu, kwa rejista ili isipotee, utakuta daftari jekundu. Ni daftari la kodi la Arnold. Kila Ijumaa tangu tarehe 8 Mei 2009 ameweka pauni thelathini na tano juu ya meza ya jikoni, nami nimeandika, nikatia sahihi na tarehe. Nilikaa kaunta ya duka la ushirika miaka ishirini na sita, siwezi kupokea hata peni bila kuandika. Hakuna wiki iliyorukwa. Wiki moja alikuwa hospitali kwa ajili ya goti, akatuma kwa posta.

Ni mpangaji, Doreen. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mwanangu. Kuna tangazo langu la gazeti limebandikwa ukurasa wa kwanza: chumba kwa mzee mtulivu, chakula cha jioni kimo. Akaja na begi moja na picha za njiwa.

Yale ya "mtu wangu" niliyatunga mimi. Yalianza kwa jirani wa namba tano. Aliniuliza, "Huyo ni wako?" nikacheka tu, sikukataa. Nawe unajua inavyokuwa. Mwaka ukapita, nikawa nasema "Arnold wangu" kwenye mchezo wa bingo, wanawake wananipisha nafasi, wananiuliza anapenda nini. Kabichi sijui kama anaipenda au haipendi. Hajawahi kuniambia. Mkono kwenye karamu niliushika kwa sababu viatu vilikuwa virefu, kisha sikuuachia.

Wala simsikii akikoroma. Chumba cha nyuma kina mlango mnene.

Humu pia kuna karatasi ya pili, inayosema ile ya kwanza ilikuwa uongo, na kwamba niliandika kwa majivuno. Niliiandika mara nne. Kijana wako wa dirishani akiisoma kwa sauti mbele ya foleni, basi na asome.

Kuna jingine. Nilimuuliza Arnold jana, kwa nini njiwa anaitwa Beryl. Niliketi kabisa kuyasubiri maneno yake. Akasema mwaka ule vifaranga wote waliwapa majina ya B ili wasiwachanganye: Barbara, Bessie, Brenda, Beryl. "Brenda," akasema, "alichukuliwa na kipanga." Machozi yakamlengalenga. Kwa ajili ya Brenda!

Mtu wa Hexley nimemlipa mimi. Nilimwendea kwa basi, nikamhesabia pauni sitini mkononi, nikachukua risiti. Sitini! Sikubali jina langu liuzwe kwa bei hiyo. Kwa hiyo jike la kijivu sasa ni mali yangu. Mpe mbaazi zake.

Beryl


OFISI YA RUZUKU YA PANGO
16 Aprili 2012

Bi. D. Oldroyd,

Tumepitia upya uamuzi wetu wa tarehe 5 Machi 2012. Kutokana na daftari la kodi na maelezo mapya uliyowasilisha, tumeridhika kwamba Bw. A. Hinchliffe si mkazi wa Albert Row 14, na kwamba hakuna uhusiano wa mke na mume kati yako naye, wala haujawahi kuwepo.

Malipo yaliyodaiwa kuzidi yamefutwa. Ruzuku yako itaendelea, pamoja na malimbikizo ya wiki zilizosimamishwa. Unashauriwa kuhakikisha kwamba mtu asiye mkazi hatumii anwani yako.

Afisa Mapitio


Albert Row 14, Skelbrough
18 Aprili 2012

Beryl,

Nimeshinda. Daftari lako nakurudishia kwa rejista pia, na bahasha ya pauni kumi na tano, fungu la kwanza la zile sitini. Usinirudishie, maana na mimi naandika.

Niliifungua barua yao nimesimama, koti mwilini, na nilipofika kwenye "yamefutwa" nikakaa kwenye ngazi. Nikashukuru Mungu. Mkebe wa maziko utajaa tena, nitakufa kwa heshima yangu. Kisha nikairudia barua tangu mwanzo kuisoma vizuri, nikakuta ule mstari. "Wala haujawahi kuwepo." Wameuandika, wameugongea muhuri. Nilihangaika mwezi mzima wauandike, nikakomba mikebe, nikakupigia magoti, na walipouandika nililia mpaka chai ikapoa. Wewe peke yako ndiye ninayeweza kumwambia hili, na hilo nalo linaniudhi.

Arnold alikuja leo asubuhi kwa basi la kwanza. Nikampa barua aisome. Akasoma yote, akaikunja, akasema, "Vizuri, Doreen. Dume jekundu amenenepa." Nikamwambia anwani yangu asiitumie tena, njiwa wataandikishwa kwa jina langu, na Beryl kwa jina lako. Nikadhani atakasirika. Akauliza tu kama ataruhusiwa kuja. Nikasema ataruhusiwa, lakini aje na ndara zake.

Jumamosi ni mashindano ya kwanza ya msimu. Njiwa wako atakuwemo. Njoo, maana mwenye njiwa hutakiwa kuwepo. Njoo na gauni lolote utakalo, uani ni matope. Viti ni viwili na vinatosha. Yeye hakai.

Doreen


Priory Close 3, Marfield
26 Aprili 2012

Doreen,

Ahsante kwa Jumamosi, na kwa kabichi. Nimeona kwa macho yangu kwamba anaila.

Bado nina donge moja, nalitoa. Mvua ilipoanza alikuletea wewe mwavuli. Usiniambie ulikuwa karibu na mlango. Niliona. Nikakesha nalo Jumamosi hadi usiku wa manane. Kisha nikakumbuka kwamba alikupa umshikie saa ya mashindano isilowe, na mwavuli ulikuwa juu ya saa. Nikalala.

Lakini yule mtoto aliposhuka! Saa nane na dakika kumi na moja. Umeniminya mkono hadi leo una alama. Katua juu ya paa, sote watatu tumegeuka tunatazama ukuta, kimya, kama watu waliokosana, mpaka tukasikia anaingia. Tangu mume wangu afariki sijapata kuwa na furaha ya namna ile, na nilikuwa nimempa mgongo.

Gazeti limetoka jana, nimekukatia kipande. Wa tatu katika njiwa mia mbili na kumi: D. Oldroyd na B. Thackray, Albert Row 14, Skelbrough. Arnold naye amekata chake, amekibandika jikoni kwangu juu ya birika, anakisoma kila akingoja maji yachemke. Jina lake halimo. Sidhani kama ameona. Yeye anasoma dakika.

Ila nina wasiwasi. Jina langu sasa limo gazetini kwa anwani yako, kadi yangu ya chama itakuja kwako, na Jumamosi niliacha viatu vya mvua chini ya meza yako. Huyo afisa wako anasoma magazeti. Akija tena na daftari lake, akakuuliza polepole kama mimi na wewe tunaishi pamoja, Doreen, nakuomba, mara hii jibu hapana.

Beryl